Kiti cha Nane cha Fizikia

Isikeli alisema, mdomo umejaa muhogo wa kuchemsha, kwamba kiti cha nane cha fizikia kilikuwa chake tangu tumboni mwa mama yake, kwamba angekikalia mkono mmoja ukiwa mfukoni, na kwamba kukipata hakungemlazimu kumfanyia mtu yeyote hila. Wenzake mezani wakaacha kutafuna. Habari ya hila hakuna aliyekuwa ameiuliza.

Mwaka wa kumi na mbili ulikuwa unaelekea ukingoni, na katika shule ile ya bweni juu ya ghuba kila mtu alijua kwamba mwaka wa kumi na tatu una milango tofauti. Biolojia ilikuwa kama kanisa, haimkatai mtu. Kemia ilitaka alama. Sayansi ya kilimo ilitaka mikono miwili tu, na ndiyo maana ilidharauliwa. Waliosoma kilimo walipalilia mihogo ya shule na kulisha nguruwe wa shule, na wakirudi bwenini wenzao walifungua madirisha bila kuambiwa. Fizikia ndiyo iliyokuwa mbingu. Kimbunga kilikuwa kimeng'oa paa la maabara, na vifaa vilivyookolewa vikiwa vizima vilitosha wanafunzi wanane, wa tisa hapana. Masta Narayan, mkuu wa masomo ya sayansi, mwembamba kama ufagio na mkavu wa maneno kuliko ufagio, alikuwa ameshawataja saba. Wa nane angemchagua siku ya wazazi, baada ya kuona kazi ya mikono ya kila anayetaka. Waliotaka walikuwa wawili: Isikeli na Kelera.

Isikeli alikitaka kiti kile kama mtu aliyezama anavyotaka pumzi. Babu yake Aporosi, aliyemlea, alikwisha kutangaza kanisani kwamba mjukuu wake atasoma fizikia na kutengeneza injini za meli. Kijijini Delaisavu hakuna aliyejua fizikia ni mnyama gani, lakini kijiji kizima kilikuwa kimeiombea. Sasa mtu atarudije nyumbani kuwaambia wale watu kwamba sala zao zimefika kwenye banda la nguruwe?

Naye Kelera alikuwa mtani wake. Si utani wa shuleni, bali ule wa mizimu. Delaisavu, kijiji cha mlimani, na Matasawa, kijiji cha pwani alikotoka Kelera, wana mzimu mmoja, na watu wa mzimu mmoja wana ruhusa ambazo ndugu wa tumbo moja hawana. Mtani anaingia nyumbani kwako, anaondoka na kuku wako, na wewe unacheka. Anakuita pua ya ng'ombe mbele ya wakwe zako, nawe unacheka tena. Anayenuna anatozwa mzizi wa kava, ule wanaoutwanga na kuuchanganya na maji kuwa kinywaji cha heshima, tena mkubwa. Kwa sheria hiyo Isikeli alikuwa amekula biskuti za Kelera kwa miaka miwili, akaogea sabuni yake, na mara moja akavaa sweta lake kwenye mechi ya raga na kulirudisha likiwa na mkono mmoja.

Kelera naye hakuwa wa kuonewa huruma. Ulimi alikuwa nao. Isikeli alipoanza kuunda kazi yake ya siku ya wazazi, tanuri la jua la mabati na karatasi za kung'aa, la kuivisha mihogo bila kuni, Kelera alilizunguka mara moja, mikono nyuma.

"Mtani," akasema, "hili ni tanuri au ni kioo cha kunyolea ndevu ambazo huna?"

Maabara nzima ilicheka. Isikeli alicheka pia, maana ndiyo sheria, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno. Kwa sababu alikuwa ameshaiona kazi ya Kelera.

Kazi yenyewe ilikuwa chupa tatu. Pwani ya Matasawa ilikuwa inaliwa na bahari; maji ya bamvua yalifika hadi makaburi ya kanisa, na watu walikuwa wamekata shauri kuhamia juu, kwenye mahame ya kijiji chao cha kale, penye chemchemi. Kelera alichukua maji ya kisima cha pwani, maji ya mto, na maji ya chemchemi ya mahame. Ndani ya kila chupa aliweka kipande cha karatasi yenye dawa aliyopewa na Masta Narayan. Maji yakiwa na uchafu wa matumbo ya watu au wanyama, chupa inageuka nyeusi baada ya siku moja au mbili gizani. Yakiwa safi, hayageuki. Alizifunika kwa kitambaa kwenye kona ya maabara na kusema hatazifunua mpaka baba yake na wazee wa Matasawa wawe wamesimama mbele yake, waone kwa macho yao kwamba maji wanayoyaendea ni mazima.

Isikeli alijua kushindwa kunavyonuka. Kulinuka karatasi ya kung'aa iliyoungua.

Siku mbili kabla ya wageni, wanawake wa vijiji walikuja mapema kutandika mikeka ukumbini. Jioni hiyo Kelera alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya na Isikeli alikuwa zamu ya kufagia maabara. Aliacha ufagio mlangoni, akachukua kikombe cha bati, akashuka hadi kwenye banda la nguruwe. Dume kubwa la shule, ambalo wanafunzi walilibatiza jina la Mkaguzi, lilikuwa limelala kwenye tope lake kama mtu aliyepokea mshahara. Isikeli alichota tope hapo hapo, karibu na mkia. Ng'ambo ya uzio wanawake walikuwa wanakung'uta mikeka na kupiga soga, na yeye hakuwatia maanani. Alirudi, akafunua kitambaa, akamwaga nusu ya chupa ya tatu dirishani, akaijaza kwa heshima ya Mkaguzi.

Alicheka peke yake wakati anafunika. Utani tu. Chupa itakuwa nyeusi, Kelera atatoa macho, watu watavunjika mbavu, Masta atasema binti huyu ni mzembe. Baadaye, kiti kikishapata mwenyewe, angemwambia, angetoa mzizi wa kava, na wajukuu wao wangekuja kuhadithiana. Ndivyo alivyojiambia, na mtu akijiambia mwenyewe hakuna wa kumbishia.

Siku ya wazazi mawingu yaliamka mapema kuliko watu. Tanuri la Isikeli lilikaa uwanjani tangu asubuhi, na muhogo ndani yake ukabaki kama ulivyotoka shambani. Masta Narayan aliuchoma kwa kidole.

"Umepata joto la kuukasirisha," alisema, "si la kuuivisha."

Kisha umati ukaingia maabara kwa Kelera. Watu wa Matasawa walikaa mbele: baba yake Samisoni, ambaye ndiye mkuu wa kijiji chao, wazee wanne watano, na bibi yake Vasemaca, kikongwe wa kusuka mikeka. Kelera alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alieleza ile karatasi na dawa yake, akafunua chupa ya kisima cha pwani, nyeusi. Akafunua ya mto, nayo nyeusi. Wazee waliguna bila kushangaa. Hayo ndiyo waliyokuwa wanayakimbia. Akawaambia kwamba hii ya tatu ndiyo wanayoiendea, akatabasamu kwa baba yake, akavuta kitambaa.

Ilikuwa nyeusi kama wino wa pweza.

Isikeli alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha mtu aliyekuwa akikingojea siku mbili, na kilizunguka maabara peke yake kama kuku aliyeingia kanisani, hakikupata pa kutua. Hapo ndipo alipoona nyuso za wazee wa Matasawa, akafunga mdomo.

Chemchemi ile, kumbe, inatoka chini ya mahame penye makaburi ya babu zao. Kama maji yake yana uchafu, basi uchafu umetoka kwa wafu, na wafu hawatoi uchafu bila sababu. Wamekasirika. Wanakataa watu wasirudi. Mzee mmoja alilisema hilo kwa sauti ya chini, na hakuna aliyelipinga. Samisoni alikaa chini, pale pale kwenye saruji, akafunika uso kwa viganja.

Kelera aliitazama chupa. Angeweza kusema imeharibika, hakuna ambaye angemlaumu. Akalowesha midomo.

"Hii nayo ni chafu," akasema.

Masta Narayan alijaribu. Aliwaambia wazee kwamba chupa hukosea na mkono hukosea, wampe wiki moja apime tena. Samisoni alijibu, bila kuondoa viganja usoni, kwamba wafu hawaulizwi mara mbili.

Jioni ile Masta alimtaja wa nane. Alisema mtu anayeweza kufunua chupa mbele ya baba yake na kusema alichokiona, huyo anafundishika. Akampa Kelera kiti. Akamgeukia Isikeli na kumkumbusha kwamba sayansi ya kilimo bado ina nafasi, na Mkaguzi anahitaji mtu wa kumkuna mgongo.

Kwa hiyo hila ya Isikeli ilikuwa imempa mtani wake kile alichotaka kumnyang'anya. Usiku ule alijigeuza kitandani kama muhogo juu ya jivu, na kilichomchoma hakikuwa aibu kwa aliyoyafanya. Ilikuwa hasira kwamba hayakufanya kazi.

Kwa Kelera kiti kile kilikuwa cha miiba. Watu wa Matasawa waliacha kumsalimia. Mama zake wadogo walisema ni yeye aliyekwenda kuwachokonoa wafu kwa kikaratasi. Kama angeyaacha maji yalivyo, yangeendelea kunyweka. Baba yake alikuja shuleni mara moja, akasimama naye chini ya varanda ya jikoni, na wapishi wakasikia.

"Nimekupeleka shule," Samisoni alimwambia, "ukaenda kutafuta mavi ya babu zako."

Isikeli alipata habari hiyo kabla ya chakula cha mchana. Mtu mwenye moyo angeenda kwa Masta saa ile ile. Isikeli alimtungia Kelera jina: Chupa Nyeusi. Likashika. Wavulana waliliimba kwenye foleni ya chakula, wakaligonga kwa vijiko. Kelera alivumilia wiki nzima, mpaka siku moja Isikeli alipomsogezea bilauri ya maji mezani na kumwomba, kwa adabu zote za mtani, aitazame kidogo amwambie kama babu zake wamo. Kelera alimmwagia sahani ya dengu kifuani.

Basi alikuwa amenuna, na sheria ikafuata. Samisoni alipanda mlimani na mzizi wa kava begani, akautua mlangoni kwa Aporosi kichwa kikiwa chini. Mzee Aporosi alicheka kama desturi inavyotaka, akautwanga na kumkaribisha mjukuu wake, aliyekuwa amekuja nyumbani mwisho wa wiki. Isikeli alikunywa mabakuli mawili. Ilikuwa kava kali, nzuri sana.

Mwisho wa mwaka Samisoni alimtoa binti yake shuleni. Kijiji kisicho na pa kwenda, alisema, kinahitaji mikono na si fizikia. Masta Narayan alikwenda Matasawa mara mbili kumwombea, akarudi na vumbi tu kwenye viatu. Kisha akamwita Isikeli, akamwambia habari hiyo akiwa anatazama dirishani.

"Kiti kikikosa mwenyewe," alisema, "hukaliwa na aliyepo."

Isikeli alipokea maneno hayo kama zawadi na kukimbia nayo nyumbani. Delaisavu walimchinjia nguruwe. Ada ya bweni ya mwaka wa kumi na tatu nayo ilikuwa tayari, ardhini: mteremko mzima wa kava ya babu yake juu ya kijito, uliotunzwa kwa miaka, wa kung'olewa na kuuzwa mwezi wa kwanza. Aporosi alizoea kumpeleka mjukuu wake pale kila asubuhi ya likizo, wakasimama tu wakitazama majani, babu akisema, "Tazama fizikia yako inavyostawi."

Siku chache baada ya Krismasi watu wa Matasawa walipanda mlima, wote, na mikeka yao. Waliketi katika nyumba ya Aporosi mchana wa jua kali, wenyeji upande huu, wageni upande ule, bakuli kubwa la kava katikati. Isikeli alipewa kazi ya kupeleka kifuu cha kunywea. Kelera alikuwa karibu na mlango, amekonda, amebeba mtoto wa mtu mwingine. Hakumtazama.

Samisoni alitambaa kwa magoti hadi mbele ya Aporosi, ameshika jino la nyangumi kwa mikono miwili. Jino la nyangumi likiletwa kwako, kuna njia moja tu ya heshima nayo ni kulipokea, na ukilipokea umekubali.

Alisema bahari imefika jikoni mwao. Alisema babu zao wamewafungia mlango. Hawana pa kwenda ila kwa mtani. Akaomba mahali pa kuweka nyumba penye maji, na kwa kuwa ombi la mtani lisilo na mzaha halijakamilika, akamalizia akijilazimisha kutabasamu:

"Tumekuja kula vyako, mzee. Tumeona una mteremko pale juu ya kijito, umejaza majani tu."

Wageni walicheka kidogo. Aporosi hakucheka. Alilitazama jino, akatazama mlangoni, ambako kwa mbali majani ya kava yalionekana yakimeta, kisha akalipokea. Viganja vya wote vikalia kwa mpigo mmoja mzito, ishara kwamba ombi limekubaliwa. Mteremko ulikuwa wa Matasawa. Mimea ingeng'olewa kesho kupisha nguzo, na kwa sheria ya utani, mtani anayeng'oa huondoka na alichong'oa.

Isikeli alikuwa amepiga magoti katikati ya nyumba, kifuu mkononi, na aliyaona yote kwa mara moja: kava imekwenda, ada imekwenda, kiti cha nane kimekwenda, na kilichokipeleka ni kile kikombe cha bati. Bado kulikuwa na njia. Njia fupi ilikuwa kusema kweli, lakini hiyo ilikuwa na Masta Narayan mwishoni. Akachagua ndefu.

Alikohoa. Akaomba radhi kwa wazee kwa kusema akiwa mdogo. Akasema yeye kama mtu wa sayansi amelala akiiwaza ile chupa, na anaona kuna kosa. Masta Narayan macho yake si mazima, kila mtu anajua, na maabara yake ni kama duka la mitumba. Bila shaka Masta alichanganya chupa. Maji ya mahame ni safi. Angekuwa wao, angerudi kwenye chemchemi yake, akawaachia wazee wa watu mashamba yao.

Samisoni aligeuza kichwa polepole, na usoni mwake kulikuwa na kitu kilichofanana na njaa.

Kelera akasema kutoka mlangoni kwamba Masta hakuwahi kuzigusa zile chupa. Alizifunika yeye mwenyewe, na Masta alikuwa mjini siku zote mbili kabla ya siku ya wazazi, alirudi na wageni.

"Basi ni wewe ulichanganya, Chupa Nyeusi," Isikeli alisema upesi, akatafuta kicheko kwa watu wa kwao. Hakukipata.

Ndipo Bibi Vasemaca alipoweka chini ukindu aliokuwa akiusuka. Alimtazama Isikeli kama anayejaribu kukumbuka jina la samaki.

"Ngoja kidogo, mjukuu wangu," alisema. "Ni wewe. Siku ile tulipokuwa tunakung'uta mikeka. Ulikuwa na kikombe cha bati."

Isikeli alisema hakumbuki kikombe.

"Mimi nakumbuka, maana nilikusifu. Ulichota pale dume la nguruwe lilipolala, karibu na mkia, ukalibeba tope lile kwa mikono miwili kama kava ya mfalme. Nikawaambia wenzangu, tazameni, huyu ndiye anayesoma kilimo kwa moyo." Kikongwe alisogea mbele kwenye mkeka, karibu kabisa, mpaka Isikeli akasikia harufu ya ukindu mikononi mwake. "Sasa nieleze, baba. Kama ulikuwa unasoma kilimo, mbona kikombe ulikipeleka maabara?"